Vipimo vya kisasa vimeshatuambia piramidi za Giza, Misri, zilijengwaje, au bado tunabahatisha?

#1 Timazi
Wakuu, za jioni.

Mimi ni fundi mwashi, huu mwaka wa 19 nipo kwenye tofali na zege. Juzi tukiwa saiti tunasubiri lori la mchanga, kijana mmoja akatoa simu akatuonyesha video. Watafiti wa Italia wamepiga rada ya satelaiti kwenye piramidi ya Khafre, wanasema wamekuta nguzo nane zimeshuka mita 648 chini ya ardhi. Mchana kutwa ikawa ndiyo hadithi. Mmoja anasema ni mtambo wa umeme wa kale, mwingine anasema ndiyo msingi wenyewe.

Mimi nikabaki na langu. Kwa fundi swali kubwa siyo chini kuna nini. Swali ni jiwe la tani mbili na nusu lilipandaje hadi kule juu. Piramidi kubwa, ile ya mfalme Khufu, inakadiriwa kuwa na mawe milioni 2.3. Kimo chake kilikuwa mita 146 na ushee, kila upande wa msingi mita 230 hivi. Ukipima usawa wa msingi huo kona hadi kona, tofauti ni kama sentimita 2. Mwaka jana nilisimamisha nyumba ya vyumba vitatu nikiwa na kipimo cha leza mkononi, kona moja ikazidi sentimita moja na nusu. Nilibomoa kozi mbili nikaanza upya. Sasa mtu mwenye kamba na maji tu alifanyaje kwenye mita 230?

Ninachouliza: hizi rada, satelaiti na miale mingine zimeshasema jambo la uhakika kuhusu UJENZI wenyewe? Wenye elimu tupeni.

#2 Kokoto
Mkuu umenigusa kwenye mfupa. Naweka kambi hapa.

#3 Mwl_Nuru
Timazi, nianze na hiyo ya mita 648, maana hata wanafunzi wangu wa kidato cha nne waliniuliza.

Rada ni mawimbi. Kwenye mchanga mkavu kabisa wa jangwani yanaweza kuzama mita chache, kwenye mwamba wenye unyevu hayafiki hata hapo. Wale jamaa wanadai hawakupenya, ila walisoma mitetemo midogo ya uso wa ardhi wakaitafsiri. Walitangaza Machi 2025 mbele ya waandishi wa habari kabla kazi hiyo haijapitiwa na wataalamu wengine. Zahi Hawass, aliyewahi kuwa waziri wa mambo ya kale wa Misri, aliikataa hadharani. Kwa hiyo vijana wako waambie waishike kwa vidole viwili.

Kipimo kilichotoa kitu cha kushika ni cha muoni. Muoni ni chembe ndogo zinazozaliwa juu angani pale mionzi ya kutoka anga za mbali inapogonga hewa yetu. Zinanyesha usiku na mchana. Fungua kiganja chako: kama mia hivi zinapita kila dakika na husikii kitu. Jiwe linazuia baadhi, hewa haizuii. Wanaweka vipokezi ndani ya chumba cha chini, wanaviacha miezi, kisha wanahesabu zimetoka upande gani kwa wingi. Mtu aliyekaa chini ya paa la makuti wakati wa masika anaelewa haraka: panapodondosha zaidi ndipo makuti yamepungua.

Mradi wa ScanPyramids, ambao una Chuo Kikuu cha Cairo pamoja na Wafaransa na Wajapani, ulianza 2015. Mwaka 2017 wakatangaza chumba kikubwa chenye urefu usiopungua mita 30 juu ya ule Ujia Mkuu, njia ndefu ya kupanda iliyo ndani ya piramidi ya Khufu. Mwaka 2023 wakathibitisha ujia mwingine upande wa kaskazini, urefu mita 9, upana kama mita 2. Huo waliupigia picha kabisa, kwa kamera nyembamba ya milimita 6 iliyopitishwa kwenye kiungo cha mawe.

#4 Jicho la Tai
Mimi naomba mnipigie hesabu, sitaki matusi.

Mawe milioni 2.3. Herodotus, mwanahistoria wa kale wa Kigiriki, aliandika kazi ilichukua miaka 20. Hiyo ni siku 7,300, sawa na mawe 315 kwa siku bila kupumzika hata siku moja. Wakifanya kazi saa 10, ni jiwe moja kila dakika mbili kasoro. Limechongwa, limevutwa, limepandishwa, limekaa mahali pake. Hakuna chuma, hakuna roda, hakuna gurudumu la maana. Leo mpe mkandarasi kreni kumi uone kama ataifikia kasi hiyo.

Ndiyo maana naamini walikuwa na ujuzi uliopotea. Sisemi viumbe kutoka nyota nyingine. Nasema ujuzi uliopotea. Na hivyo vyumba vinavyogunduliwa leo vitakuja kuonyesha.

#5 Saruji na Nondo
Jicho la Tai hesabu yako ni sahihi ila umeisoma kama foleni moja. Pale hakukuwa na foleni moja.

Chukua umbo la piramidi. Theluthi ya chini ya kimo ina asilimia 70 ya ujazo wote. Ukifika nusu ya kimo umeshamaliza asilimia 87 na nusu. Maana yake mawe mengi mno hayakupanda juu hata kidogo, yaliishia chini ya mita 49. Na kule chini uwanja ni mpana ekari na ekari, unaweza kuleta mawe kutoka pande zote kwa vikosi ishirini kwa wakati mmoja. Kazi ngumu kweli ni ile ya juu, lakini ya juu ni mawe machache.

Halafu mawe ya ndani mengi hayakunyooshwa sana. Yamejazwa chokaa cha jasi na vipande. Wewe Timazi unajua tofauti ya ukuta wa ndani na ule unaoonekana barabarani.

#6 Timazi
Saruji na Nondo hiyo ya asilimia 70 sikuwahi kuifikiria na nimesimama kwenye misingi maisha yangu yote. Asante sana.

Mwl_Nuru, huo ujia wa mita 9 ulikuwa wa kazi gani?

#7 Mwl_Nuru
Hapo ndipo kipimo kinapoishia mkuu. Muoni inasema "hapa pako wazi". Haisemi "palikuwa pa kazi gani". Wapo wanaosema ulijengwa kupunguza uzito juu ya mlango wa kuingilia, maana uko nyuma ya yale mawe makubwa yaliyoegemezwa kama paa. Hiyo ndiyo naiona ina nguvu. Ule mkubwa wa 2017 bado haujaingizwa kamera.

#8 Bint Kilwa
Hamjambo. Mimi nasoma akiolojia, naomba niweke kitu ambacho siyo mashine.

Mwaka 2013 timu ya Mfaransa Pierre Tallet ilichimba pwani ya Bahari ya Shamu, mahali paitwapo Wadi al-Jarf. Wakakuta mafunjo (karatasi za kale za matete) yenye maandishi, ya zamani kuliko yote yaliyowahi kupatikana. Kati yake kuna kitabu cha kazi cha kila siku cha mkuu wa kikosi aitwaye Merer, mwenye watu kama 40. Aliandika miaka ya mwisho ya Khufu mwenyewe. Siku hii tumepakia mawe Tura. Siku hii tumelala Tura. Siku hii tumeshuka na chombo, tumelala Bwawa la Khufu. Siku hii tumefika "Upeo wa Khufu", ambalo ndilo jina walilolipa piramidi. Anamtaja hadi mkubwa wa kazi, Ankhhaf, ndugu wa Khufu kwa baba.

Nilipoona picha ya funjo lile mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Mistari imepangwa kwa safu, siku kwa siku, wino mweusi na mwekundu. Lina sura ile ile ya daftari la mahudhurio la saiti. Huyu alikuwepo. Miaka zaidi ya 4,500 na unajua alilala wapi tarehe fulani.

#9 Mtu wa Watamu
Salamu kutoka Pwani ya Kenya. Bint Kilwa umefanya vyema kumtaja Merer. Niongezee tu kwamba ndiye aliyeleta yale mawe makubwa ya matale (graniti) kutoka Aswan, karibu kilomita 800 kusini.

#10 Bint Kilwa
Kaka wa Watamu, hapo turekebishe kidogo. Merer alibeba mawe ya chokaa meupe kutoka Tura, ng'ambo ya Nile kutokea Giza. Hayo yalikuwa ya kufunika uso wa nje. Matale ya Aswan ni kweli yalitumika, hasa chumba cha mfalme, na mengine yana makumi ya tani, ila siyo kikosi cha Merer kwenye kurasa tulizonazo.

#11 Mtu wa Watamu
Nimekubali, dada. Nilichanganya.

#12 Jicho la Tai
Sawa, Merer kasafirisha kwa maji. Je, kaandika walivyopandisha?

#13 Bint Kilwa
Hapana. Hakuandika. Yeye alishusha mzigo akarudi. Inaniuma kuliko inavyokuuma wewe.

#14 Nahodha Mstaafu
Wanangu hamjambo. Nimesoma kuanzia juu mpaka hapa, nina neno.

Mimi nimezaliwa kwenye vyombo. Baba yangu alikuwa na jahazi. Likitoka kutengenezwa, tumelipaka shahamu, lazima lishuliwe majini. Tani ngapi sijui, lakini ni chombo cha kubeba boriti na watu. Hakukuwa na winchi. Kijiji kizima kinakuja, kamba mbili, magogo chini, na mtu mmoja anaimba. Huyo anayeimba ndiye mashine. Watu sitini kila mmoja akivuta kwa wakati wake chombo hakisogei hata shubiri. Wakivuta kwa pamoja kwenye neno moja, kinakwenda.

Na sasa hili la maji. Tukiwa watoto kazi yetu ilikuwa kuchota maji ya bahari kwenye madebe na kumwaga mbele ya chombo, kwenye mchanga mkavu. Siyo mengi. Ukimwaga mengi babu anakufokea, maana mchanga unakuwa uji na gogo linazama. Ukimwaga kidogo mchanga unakuwa kama sakafu. Sikuwahi kuuliza kwa nini. Tulifanya tu.

#15 Kokoto
Shikamoo mzee. Nimesoma mara mbili.

#16 Mwl_Nuru
Shikamoo Mzee Nahodha. Umetaja utafiti mzima bila kuujua.

Mwaka 2014 wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walivuta kigari kisicho na magurudumu juu ya mchanga maabara. Mchanga mkavu unajikusanya mbele ya kigari kama tuta. Ukiweka maji ya kiasi, matone madogo yanashikanisha chembe za mchanga, mchanga unakakamaa, na nguvu ya kuvuta inapungua kwa karibu nusu. Ukizidisha maji, nguvu inapanda tena. Madebe ya babu yako kabisa.

Na kuna picha ukutani kwenye kaburi la Djehutihotep huko Misri, inaonyesha watu 172 wakivuta sanamu kubwa, tani kama 58, na mtu mmoja kasimama mbele ya kigari anamwaga maji. Wasomi wa zamani walisema ile ni ibada tu.

#17 Nahodha Mstaafu
Marahaba wanangu. Na wakiimba hapo juu ya sanamu yuko mtu anapiga makofi?

#18 Bint Kilwa
Yuko mzee! Kasimama kwenye magoti ya sanamu anapiga makofi, anawapa mwendo.

#19 Nahodha Mstaafu
Basi nimemjua. Huyo ndiye nahodha.

#20 Jicho la Tai
Nampa mzee heshima yake. Lakini Djehutihotep aliishi karibu miaka 700 baada ya Khufu. Na ule ni uwanda tambarare. Mimi nauliza kupanda, siyo kwenda. Maji mnayamwaga kwenye mteremko yatakaa?

#21 Saruji na Nondo
Swali la haki kabisa. Na hapa ndipo mafundi wa vitabu wamegawanyika.

Njia moja ndefu iliyonyooka: ukitaka mwinuko wa asilimia 8 hadi kimo cha mita 146, unahitaji njia ya zaidi ya kilomita 1.8. Kifusi chake kinaikaribia piramidi yenyewe kwa wingi. Kimekwenda wapi? Ukiiweka asilimia 20 inafupika hadi mita 730 hivi, lakini nani atavuta tani mbili na nusu kwenye mwinuko huo?

#22 Bint Kilwa
Waliovuta tumewapata. Hatnub, machimbo ya mawe ya alabasta, 2018, timu ya Wafaransa na Waingereza. Ni njia ya mwinuko wa asilimia 20 au zaidi, ina ngazi pande zote mbili na matundu ya nguzo za mbao. Alama za hapo ni za wakati wa Khufu. Wanavyoelewa ni kwamba kamba ilizungushwa kwenye zile nguzo, wengine wakavuta kwa juu na wengine wakavuta kwa chini wakishuka ngazi. Anayeshuka uzito wake unamsaidia.

Ila ni machimbo, siyo Giza. Inaonyesha walijua. Haionyeshi kwamba walifanya hivyo Giza.

#23 Mpika Zege
Mbona hamjamtaja Joseph Davidovits? Huyu mkemia wa Ufaransa alisema zamani tu kwamba mawe hayakuvutwa, yalimwagwa. Unachukua jiwe la chokaa laini, unalivunja, unachanganya na chumvi na chokaa, unashindilia kwenye boksi la mbao pale pale juu. Zege la kale. Ndoo kwa ndoo, hakuna jiwe la tani mbili la kupandisha. Mwaka 2006 Michel Barsoum wa Marekani alitazama vipande kwa hadubini akasema baadhi vina dalili hizo. Mimi nimemwaga zege miaka 12. Naiamini hii kuliko kamba.

#24 Bint Kilwa
Mpika Zege, wanajiolojia wengi wameikataa. Yale mawe yana visukuku vya bahari vyenye umbo la sarafu ndogo, vimelala kwa matabaka yake ya asili. Ukivunja na kumwaga, havilali hivyo. Strabo, Mgiriki wa miaka elfu mbili iliyopita, aliviona vimetapakaa Giza akaandika wenyeji wanasema ni dengu za wafanyakazi zilizogeuka mawe.

Na kama walimwaga, Merer alikuwa anabeba nini?

#25 Mpika Zege
Alibeba mawe ya nje, umesema mwenyewe. Ya ndani hakuandika. Nabaki hapo.

#26 Kokoto
Swali la pembeni. Hii njia ya kupandishia mnaiita mteremko. Mtu anapanda, kwa nini iitwe mteremko?

#27 Mtu wa Watamu
Kwetu ukisimama chini unaita mwinuko, ukisimama juu unaita mteremko. Njia ni ile ile.

#28 Nahodha Mstaafu
Huyo wa Watamu kanena.

#29 Fundi wa Ramani
Mimi nachora majengo kwa kompyuta. Mwenzangu wa fani hii, Jean-Pierre Houdin, aliacha kazi zake akaichora piramidi yote kwa 3D, akaitangaza 2007. Anasema theluthi ya kwanza walitumia njia ya nje, juu zaidi walipandisha kwa njia ya NDANI, inayozunguka kama ngazi ya mnara na kubaki imefunikwa. Hapo swali la kifusi linakwisha. Wafaransa walishapima uvutano mwaka 1986 na ramani yao ilikuwa na sehemu nyepesi zinazoonekana kuzunguka. Nilijaribu kuchora kona yake moja. Jiwe linageuka kwenye kona kama una sehemu ya wazi na mti wa kulizungushia. Inawezekana kabisa kwenye karatasi.

#30 Mwl_Nuru
Tatizo Fundi wa Ramani ni kwamba muoni mpaka leo zimetangaza uwazi mmoja mkubwa na ujia, siyo njia inayozunguka. Ingekuwepo ningetarajia ijitokeze mahali.

#31 Fundi wa Ramani
Au iwe imejazwa kifusi. Ukijaza, uzito unakaribia jiwe na kipimo hakioni vizuri.

#32 Mwl_Nuru
Ukisema hivyo hakuna kipimo kitakachoweza kukukatalia. Lakini nakiri hoja ipo. Na tukumbuke kipimo kisichoona kitu nacho ni habari: Luis Alvarez wa Marekani aliweka kipokezi chini ya piramidi ya Khafre, akatoa majibu 1970. Sehemu aliyoipima hakukuwa na chumba. Mtu alisafiri na mitambo yote ile kuja kusema "hapa hakuna", akaandika. Nawasomea wanafunzi wangu hilo kila mwaka.

#33 Kijito
Wakuu mmesahau maji ya namna nyingine. Agosti 2024, Xavier Landreau na wenzake walisema piramidi ya ngazi ya Djoser pale Saqqara ilijengwa kwa kupandisha mawe kwa maji kupitia shimo la katikati, kama jeki, na lile boma kubwa la karibu lilikuwa la kuzuia maji ya mafuriko.

#34 Bint Kilwa
Wengi kwenye fani yangu hawajaridhika. Hakuna ushahidi kwamba maji ya kutosha yalikuwepo kwa muda wa kutosha. Nalitazama kama wazo.

Ila kwenye maji ya kusafirishia hapo tumesogea sana. 2022 walitoboa udongo kwa bomba karibu na Giza, wakasoma chavua za mimea zilizolala kwenye tope, tabaka kwa tabaka, wakajua mkono wa Nile ulikuwa na maji mengi enzi za Khufu. Mei 2024 Eman Ghoneim na wenzake wakatumia rada ya satelaiti, ile ile rada Timazi, ila kwa kina inachokiweza, wakafuata mto uliokufa wa kilomita 64 unaopita mbele ya piramidi 31. Wakaenda kuchimba kuhakikisha, na tope la mto likawepo.

#35 Timazi
Kumbe rada siyo mwongo. Mwongo ni mita 648.

#36 Mtu wa Watamu
Jamani nina donge. Mbona habari za "ujuzi uliopotea" na viumbe wa nyota hazisemwi juu ya makanisa ya Ulaya? Yale magofu ya mawe ya Great Zimbabwe walisema ni Wafoinike, ni Malkia wa Sheba. Randall-MacIver akachimba 1905 akasema ni Waafrika, Gertrude Caton-Thompson akarudia 1929 akasema vile vile, na bado watawala wa Rhodesia waliendelea kufundisha watoto vingine. Hata kwenye magofu ya Gede hapa kwetu wageni huuliza "nani hasa alijenga?" Babu zetu, ndugu. Nani mwingine.

#37 Jicho la Tai
Mtu wa Watamu nimekuelewa na nalichukua. Mimi nilimaanisha ujuzi wa Waafrika wenyewe uliopotea. Lakini naona maneno yangu yanaweza kubebwa na mtu mwingine akayapeleka kubaya.

#38 Bint Kilwa
Asante kaka Jicho la Tai. Upotevu nauona nyumbani kwetu, hauhitaji Misri.

Kilwa Kisiwani, watu wa mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town walipima magofu kwa leza, pamoja na Songo Mnara. Ukifungua ule mfano kwenye kompyuta unapima kila ukuta. Songo Mnara wengine walipitisha kipimo cha sumaku juu ya nyasi, wakakuta alama za nyumba za miti na udongo katikati ya nyumba za mawe. Macho yalikuwa hayajaziona.

Lakini leza haikuambii jiwe lilikatwaje. Bibi yangu aliniambia. Matumbawe ya kuchongea mihrabu na nakshi hukatwa baharini yakiwa hai, laini, kisu kinaingia. Yakikaa juani yanakuwa jiwe. Chokaa unachoma kwenye tanu: magogo yamepangwa duara, matumbawe juu yake, unawasha jioni na usiku kucha kijiji kinanuka. Asubuhi kuna kilima cheupe. Halafu unakiacha, mvua na umande ndivyo vinakitengeneza. Na vyumba vya nyumba zile vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu kwa sababu boriti ya mkoko haiendi zaidi ya hapo. Mti ndio uliochora ramani. Bibi amefariki mwaka juzi na sikumuuliza kiasi gani cha mchanga waliweka.

#39 Nahodha Mstaafu
Pole mwanangu. Wapo wazee Songo Songo na Mafia wanaojua bado. Usichelewe.

#40 Fundi wa Ramani
Hiyo ya boriti kuchora ramani nimeiandika kwenye daftari langu.

Mkienda Sudan, Meroe, mbunifu wa Kijerumani Friedrich Hinkel alizifanyia matengenezo zile piramidi ndogo, akasema zilijengwa kwa mti wa kunyanyulia uliosimamishwa katikati, kama ule wa kuchotea maji kisimani. Kwa jiwe dogo inakubali. Kwa Khufu haikubali.

#41 Timazi
Nimerudi baada ya siku tatu. Nilikuwa nafanya ya mzee Nahodha.

Nimechukua ubao wa futi mbili, nimeupiga randa chini, nikaweka tofali la saruji la inchi sita juu. Kamba, na mizani ya kuning'iniza ya muuza samaki. Mchanga mkavu wa saiti: mizani ilisoma kilo 11, na mbele ya ubao tuta likajikusanya hadi likaanza kupanda juu ya ubao. Nikamwaga maji nusu kopo, nikasubiri kidogo: kilo 6, mara nyingine 7, na ubao unaacha njia laini nyuma yake kama plasta. Nikamwaga ndoo nzima: ubao ukazama pua, kilo 13.

Kisha nikafanya alichouliza Jicho la Tai. Nikainamisha mchanga, futi moja kwa tano. Maji yalishuka chini yote, juu pakakauka ndani ya muda mfupi, na miguu ya kijana anayevuta ikawa inateleza. Kwa hiyo kwenye mwinuko mchanga wa maji umeshindwa kwangu.

#42 Jicho la Tai
Mkuu Timazi heshima kwako. Ungejaribu udongo badala ya mchanga? Ule mwekundu, wa kufinyangia, ulowe kidogo, na magogo yalazwe kama ngazi ya reli ili miguu ipate pa kushika.

#43 Bint Kilwa
Jaribuni! Karibu na piramidi ya Senusret wa Kwanza pale Lisht kulikutwa njia zilizolazwa mbao kwa mtindo huo huo. Na ukipaka tope la mfinyanzi pima kwanza bila mbao, halafu na mbao, usichanganye.

#44 Timazi
Mfinyanzi upo kwa jirani anayefyatua matofali. Magogo ninayo ya jukwaa. Jumamosi.

#45 Nahodha Mstaafu
Tafuta na mtu wa kuimba.